Mrehani wa Vilima vya Shaba



Hapana nyumba kisiwani kwetu Pemba isiyoujua mrehani. Na kila mwenye shamba ajua kuwa mkarafuu wataka ardhi njema; ukiupanda penye maji ya chumvi hufa. Mkoko nao hustawi pale pale penye chumvi. Kila mmea umewekewa riziki yake na pahala pake. Mwezi huu twapenda kuwaelezeni khabari za mmea mwingine, ulio jamaa ya mrehani wetu, ambao riziki yake imewekwa penye sumu.

Huko Katanga, kusini mwa Kongo, ambako Kiswahili husemwa sokoni na majumbani, viko vilima zaidi ya 100 visivyo na miti. Msitu wa miombo wavizunguka pande zote, lakini ukifika chini ya kilima husita. Sababu yake si moto wala shoka, bali ni shaba na kobalti iliyomo udongoni. Kila mmea wahitaji shaba kidogo, lakini ikizidi huzuia mizizi isikue, na mmea hufa. Juu ya vilima hivyo huota majani na maua yaliyozoea sumu hiyo, na baadhi yake hayaoti po pote pengine duniani. Mmojawapo ni mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum robertii. Majani yake makavu yalipopimwa yalikutwa na kobalti kupita sehemu 1 katika kila 100.

Ndugu yake, Haumaniastrum katangense, hujulikana kwa jina la ua la shaba. Huyu huota hata mahali ambapo wahenga waliyeyusha mawe ya shaba karne nyingi zilizopita. Matanuri yamefukiwa na hayaonekani, lakini ua latoa ushahidi, na wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata wakayagundua. Shaba hiyo hiyo ni miongoni mwa mali zilizomvuta M'siri, Mnyamwezi kutoka bara yetu, akajenga mji wake Bunkeya na kutawala hata alipouawa mwaka 1891.

Na hapa ndipo penye msiba. Alama iliyoonyesha hazina ndiyo iliyoleta maangamizi. Watafutaji wa madini waliviona vilima vitupu, wakajua kilichomo. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ikaanza kuyeyushwa Lubumbashi. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, nayo hutiwa katika betri za simu tulizozishika mikononi. Kilima kikichimbwa huondoka chote, na ua lisilo na makao illa kilima kimoja au viwili halina pa kuhamia.

Pengine kijana atauliza: ni hasara gani ua dogo likipotea? Jawabu liko Lubumbashi kwenyewe. Moshi wa tanuri la shaba ulitia sumu udongo wa upande mmoja wa mji kwa miaka mingi, hata mahali pengine pakabaki patupu, na vumbi likawa laingia majumbani mwenye watoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda huko majani yaliyotoka katika vilima vya shaba, ili yafunike udongo na kuzuia vumbi. Mmea wa bustanini hauiwezi kazi hiyo. Basi mwenye kuiangamiza mimea ile ni kama mtu anayetupa dawa hali mgonjwa yu kitandani.

Hatusemi simu zitupwe, wala migodi ifungwe. Huko Tenke-Fungurume mimea imepata kuhamishwa na mbegu zake kuwekwa akiba kabla ya kuchimba. Ni mwendo mwema, nao wastahili kufuatwa kila mgodi. Sisi majumbani tuna sehemu yetu pia: simu inayotengenezeka itengenezwe, isitupwe kwa kutamani mpya. Na tusikiite gugu kitu tusichokijua kazi yake.

Jioni ya leo, mzazi, mpe mwanao jani la mrehani alinuse. Kisha mhadithie juu ya ndugu yake wa Katanga.