Kobalti ni yetu, gesi ni yetu, lakini tunapika na makala

Hapa Mudzipela, kila asubuhi harufu ni ileile: makala. Wamama wanapiga hesabu ya gunia mbele ya hesabu ya sombe. Sisi wachimba zahabu tunarudi toka Mongbwalu na matope ku miguu, tunakuta bei imepanda tena, juu miti imekuwa mbali. Na watoto wanakohoa moshi.

Lakini inchi yetu haikosi gesi. Ndani ya Ziwa Kivu kumelala kilometa kyubiki karibu 60 za methani. Jirani zetu wa Rwanda wanaitoa, wanafanya umeme: kiwanda cha KivuWatt kina megawati karibu 26. Upande wetu, mwaka 2022 serikali ilitangaza bloki 3 za gesi ya ziwa. Ku jiko zetu hakujafika kitu.

Kweli, methani ni ngumu kubeba. Haigeuki maji kwa urahisi sawa gesi ya chupa tunayoijua. Lazima kuisukuma kwa nguvu kubwa sana ndani ya chuma kizito. Hapo ndipo wenye elimu wamepata dawa: fuwele zenye matundu madogo sana, sawa masega ya nyuki, zilizofungwa na madini. Gesi inaingia matunduni na kukaa humo, bila kuhitaji nguvu ileile. Gramu chache tu, ukizikunjua, zina nafasi ya kutandika uwanja wa mpira.

Zingine zinapumua. Mwaka 2015 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walionyesha fuwele moja: ukisukuma methani inafunguka, ukiitoa inajifunga, na karibu gesi yote inatoka. Inafanywa na nini? Na kobalti. Ndiyo, kobalti, ile ambayo ndugu zetu wa Kolwezi wanachimba na mikono, na ambayo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya ile ya dunia yote.

Mtu atasema: hiyo ni mambo ya wazungu, bado ni ghali, na sisi Ituri ni zahabu. Ni kweli, fuwele hizo haziko ku soko yetu na kesho hazitakuwako. Lakini sisi tunajua vizuri habari ya kuuza kitu kibichi: anayechimba anabaki na shimo, anayejua kukitengeneza anabaki na faida. Zahabu ilitufundisha. Kobalti na gesi zisiturudilishe ku somo lilelile.

Mwaka 2025 Nobel ya kemia ilipewa watu 3 juu ya fuwele hizi: Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Yaghi alizaliwa Amman, katika familia ya wakimbizi, nyumba bila umeme. Hapa Bunia watoto wa wakimbizi tunao wengi. Akili yao haina kasoro. Kinachokosekana ni laboratware na minerval.

Kwa hiyo tunaomba mawili. Serikali iseme wazi gesi ya Kivu itafika lini ku jiko za watu, na kwa bei gani. Na sisi wazazi, gramu ikipatikana, tusiimalizie yote ku pombe na pikipiki. Mtoto anayependa Biochimie, binti ao kijana, tumulipie. Shimo la zahabu linaisha siku moja. Kichwa cha mtoto hakiishi.