Nani Atawashona Akina Mama Hawa?



Mwinjili Marko anatusimulia habari za mwanamke aliyeugua kutokwa na damu muda wa miaka 12, ambaye fedha yake yote iliishia kwa waganga wasimfae kitu (Mk 5:25-34). Kila mwaka sisi mapadre tunahubiri juu ya imani ya mwanamke huyo. Juu ya wale waganga hatusemi neno. Leo tunataka kusema juu ya waganga, maana wako wanawake katika parokia zetu ambao hawaji Misa kwa sababu wananuka mkojo, na dawa yao ipo, ila mwenye kuijua haonekani.

Tuseme wazi, hata kama maneno haya hayajazoeleka kanisani. Mtoto anapokwama njiani wakati wa kuzaliwa, kichwa chake hukibana kibofu cha mama kwenye mfupa wa nyonga siku moja, mbili, hata tatu. Nyama iliyobanwa hukosa damu, hufa, na baada ya siku chache huachana na mwili na kuacha tundu. Kuanzia hapo mkojo hutiririka mchana na usiku, na kwa wengine hata haja kubwa. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Madaktari huita jeraha hili fistula, kamusi huliita nasuri, majirani huliita laana. Huo ni uzushi. Chanzo chake ni saa nyingi ambazo mama alikaa katika uchungu pingamizi bila kufikishwa penye upasuaji. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupata jeraha hili duniani, na karibu wote ni maskini. Huko Ulaya limekuwa jambo la kusoma katika vitabu vya historia ya tiba.

Na tundu hilo hushoneka. Likiwa dogo na lisilo na makovu mengi, likashonwa na mikono iliyozoea, huziba kwa wanawake karibu tisa katika kila kumi. Wala maarifa haya si ya jana. Daktari Reginald Hamlin na mkewe, Daktari Catherine, walifika Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua mjini Addis Ababa hospitali ya wanawake wenye jeraha hili tu. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo msichana wa kijijini asiyejua kusoma, Mamitu Gashe. Alibaki akisaidia kazi ndogo ndogo, akaingizwa katika chumba cha upasuaji, akatazama, akashika, akashona; mwishowe akawa anawafundisha madaktari wenye digrii. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kilimtunukia medali pamoja na akina Hamlin. Hatusemi kwamba shule si kitu. Tunasema kwamba ufundi huu hupatikana kwa kusimama karibu na meza ya mwalimu kwa muda mrefu, na muda huo una gharama ambayo lazima mtu ailipe.

Hapo ndipo tunapokwepa. Tumezoea kambi za upasuaji: wageni wanakuja kwa wiki mbili, redio inatangaza, akina mama wanajaa mabasi, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Tunawashukuru kwa dhati, na wapo waliotumia kambi hizo kuwafundisha wenyeji kwa uvumilivu mkubwa. Lakini kambi isiyoacha nyuma yake mikono ya mwenyeji ni sadaka inayokwisha siku ileile. Mama aliyeshonwa hukaa na mpira wa mkojo siku 14 hivi. Mpira huo ukiziba usiku mmoja na muuguzi asijue, kibofu hujaa, mshono huachia, na kazi yote huharibika. Nani atakuwa zamu usiku huo, kama ndege ya wageni imekwisha kuondoka?

Kuna hatari iliyo mbaya zaidi, na juu yake tunataka tusikike vizuri. Nafasi bora ya kupona ni ya mshono wa kwanza. Ukishindikana, makovu huongezeka, na wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Basi daktari aliyehudhuria semina ya siku chache, akapewa cheti na kuanza kujaribu, anajifunzia juu ya mwili wa maskini, na anachomnyang'anya hakirudishwi. Ni kwa sababu hiyo Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi (FIGO), pamoja na wenzake, lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa mafunzo wenye ngazi tatu: mwanafunzi huanza na matundu mepesi chini ya macho ya mwalimu, wala hapandi ngazi kwa kuwa muda wa kozi umekwisha, bali kwa kuwa ameonekana anaweza. Tungependa hata seminari zetu zipandishe watu kwa kipimo hicho.

Mkono usiofundishwa vema hauishii kushindwa kuziba matundu, huyatoboa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, wa wanawake karibu 6,000 walioshonwa katika nchi kadhaa, nyingi za Afrika, ulionyesha kwamba zaidi ya mmoja katika kila kumi alijeruhiwa na upasuaji wenyewe, kama vile wa kumtoa mtoto au wa kuondoa kizazi. Mama alifika hospitali kwa wakati, akaokolewa, akatoka ametobolewa.

Wako wanaotuambia: "Baba, heri kinga, fedha ziende kwa wakunga." Tunakubali kuhusu wakunga, tena upesi. Lakini chumba cha upasuaji chenye taa, maji, dawa ya usingizi na daktari mwangalifu ndicho kinachomwokoa mama wa leo asitobolewe, na ndicho kinachomshona yule aliyetobolewa miaka kumi iliyopita. Anayewapambanisha wanawake hawa wawili ametafuta njia ya kutomlipia hata mmoja.

Wengine wanasema daktari akishafundishwa atahama. Naam, huhama. Tunafahamu hospitali moja ambako daktari alirudi kutoka mafunzoni akakuta hana nyuzi za kushonea, wala siku moja katika wiki ya kutumia chumba cha upasuaji, kwa kuwa wagonjwa wake hawalipi. Alivumilia miezi kadhaa. Tusimlaumu.

Je, Kanisa lina haki ya kunyoosha kidole? Hadi mwaka 1936 sheria yetu wenyewe iliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Mwaka huo Roma ilibadili msimamo kwa waraka Constans ac Sedula, na mwaka 1937 Mama Mary Martin akaanzisha nchini Nigeria shirika la Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria. Kutoka shirika hilo alitokea Sista Maura Lynch, daktari wa upasuaji, aliyewashona wanawake kwa miaka mingi katika hospitali ya Kitovu, Jimbo la Masaka, Uganda, hadi alipofariki mwaka 2017. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyo mali ya maaskofu, imefanya kazi hii. Na CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa nauli kwa njia ya simu. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani. Kanisa lililoweza kubadili sheria kwa ajili ya mama anayejifungua lisishindwe kubadili bajeti.

Tunawaomba viongozi wa walei mambo haya. WAWATA na jumuiya ndogo ndogo wamtafute kwa heshima mama aliyejificha, bila kumtangaza, wamsindikize hadi hospitali yenye mshonaji wa kweli, si popote penye kibao. Wajumbe wa bodi za hospitali zetu waulize: ni daktari gani na wauguzi gani wamepelekwa kujifunza, kwa muda gani, chini ya nani, na wakirudi watapewa siku gani ya chumba cha upasuaji? Mbunge naye aulizwe hadharani kuhusu ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ambapo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Majibu yaletwe kwa maandishi kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, pamoja na jina la aliyeyatoa.