Barazani: Wimbo wa Mchezaji Mwenyewe

Kijana akirudi likizo kutoka mjini, mara nyingi utamkuta ameinamia simu au mashine, anacheza michezo ya video. Tena utaona ameizima sauti ya mchezo, amefungua nyimbo zake mwenyewe. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye mjukuu wake ndiye kijana wa namna hiyo, aliniuliza: "Je, huyu hamdharau yule aliyetunga muziki wa mchezo?" Nikamwomba akae, maana jibu lake si la kusimama.

Nilianza na Wajapani. Mwaka 1999 mwanamuziki Bwana Masaya Matsuura na kampuni yake, NanaOn-Sha, walitengeneza mchezo uitwao Vib-Ribbon, wa kuchezwa kwa mashine ya PlayStation. Mashine ile ilisoma michezo katika sahani za CD, ndizo zile zile zinazotiwa nyimbo. Lakini mahali pa kutia sahani ni pamoja tu. Mchezo ukiwamo, wimbo utaingia wapi? Basi wakaufanya mchezo uwe mdogo kabisa, hata ukaenea wote katika kumbukumbu kuu ya mashine, nayo ilikuwa megabaiti 2 tu. Ndiyo sababu picha zake ni mistari myeupe juu ya weusi, kama mtoto aliyechora kwa chaki ubaoni. Mchezo ukiisha kuingia, mchezaji huitoa sahani yake, akatia sahani yo yote aipendayo, iwe ya dansi, iwe ya kwaya.

Na hapo ndipo penye uhondo. Mashine huusoma wimbo, na kwa wimbo huo hutengeneza njia. Yuko sungura, jina lake Vibri, anatembea juu ya mstari. Mbele yake hutokea vizuizi vya namna nne: shimo, tofali, kitanzi na mawimbi, na kila kimoja kina kitufe chake cha kubonyeza. Wimbo ukiwa mpole, njia ni nyepesi. Ngoma ikiwa kali, vizuizi huja mbio, hata viwili vikashikamana. Mchezaji akikosea mara nyingi, sungura hugeuka chura, kisha mnyoo, maskini! Wimbo haukuwa pambo basi, ulikuwa ndio barabara yenyewe, na kila nyumba ilikuwa na mchezo wake kadiri ya sahani zilizomo kabatini. Mwaka 2012 jumba la sanaa la Museum of Modern Art, huko New York, liliuingiza mchezo huo katika hazina yake.

Mzee akasema, huyo Mjapani aliwakaribisha wachezaji mwenyewe. Je, wale wasiokaribisha? Nikampa habari nyingine. Nyimbo mashuhuri zilizomo katika michezo mara nyingi hukodiwa kwa mkataba wa miaka. Mchezo wa Grand Theft Auto IV (si wa watoto huu, wazazi mwangalie) ulitolewa mwaka 2008. Mwezi wa Aprili 2018, mikataba ilipokwisha, nyimbo nyingi ziliondolewa humo, hata kwa watu waliokwisha kununua. Ni kama kuuziwa kitanda, kisha mwenye duka aje baada ya miaka 10 kuchukua godoro! Lakini katika mchezo huo huo, ule wa kompyuta, imo stesheni ya redio iitwayo Independence FM, ambayo mchezaji huijaza nyimbo zake mwenyewe. Hizo hakuna aliyekuja kuzidai.

Hata hivyo mtungaji namwonea huruma. Mara nyingi yeye huupunguza muziki kwa makusudi, hata pawe kimya, ili mchezaji ajue adui yu karibu. Ukipiga dansi pale pale, umemnyima kinywa. Kwa hiyo nilimshauri mzee amwambie mjukuu wake ausikilize kwanza muziki wa mtungaji mpaka mwisho, mara moja tu, kisha afungue wake.

Akakubali. Akainuka kwenda zake, lakini mlangoni akageuka, akataka kujua kama sahani ya kwaya yetu ingeletwa kwa yule sungura, ingemchimbia mashimo mangapi. Hapo sikuwa na jibu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.