Nani Atakichora Kitanda cha Kamba?

Kumezuka mtindo katika pwani yetu ya kusini, nao si wa kulaumiwa, wa vijana kujitengenezea samani zao wenyewe kwa kufuata michoro. Kuanzia Likoni hadi Lungalunga utamkuta kijana ambaye hakupata kukaa kwa fundi hata siku moja, ana msumeno, ana nyundo, na simu yake ameiegemeza ukutani. Katika simu hiyo mna mchoro wa benchi, au wa rafu, au wa meza, na vipimo vyake vyote vimeandikwa. Anakata, anapigilia, anapiga msasa, na jioni watu wamekaa juu ya kazi ya mikono yake. Mtu akikaa juu ya kitu alichokitengeneza mwenyewe hukaa vingine. Kijana huyo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu, ikiwa ni ugomvi, ni na mchoro. Nimeitazama mingi ya michoro hiyo, na sikuona hata mmoja wa kitanda cha kamba, wala wa mbuzi ya kukunia nazi, wala wa marufaa ya kuwekea Msahafu. Mna viti vya bustani vya Marekani, mna vitanda vya ghorofa vya watoto, mna hata nyumba za mbwa. Vyombo walivyovitengeneza wazee wetu, wakazaliwa juu yake na wakafia juu yake, havimo. Vimebaki vichwani na mikononi mwa mafundi wachache, na mafundi hao, ndugu msomaji, umri wao unakwenda.

Wazo la kumpa mtu mchoro ili ajitengenezee si la jana. Mwaka 1974 Mtaliana mmoja, Enzo Mari, ambaye kazi yake ilikuwa ubunifu wa vyombo vya nyumbani, alitoa michoro 19 ya meza, viti, vitanda na makabati, yote ya mbao za kawaida na misumari, akasema yeyote atakayeleta gharama ya stempu atapelekewa bure. Alitaka mtu apige misumari kwa mkono wake mwenyewe, ndipo ajue kiti kizuri ni kipi na kibovu ni kipi. Miaka arubaini baadaye, mjini Berlin, kikundi kiitwacho CUCULA kiliishika michoro hiyo. Kilikuwa cha vijana wakimbizi wa Afrika Magharibi waliofika Ulaya kwa kupitia kisiwa cha Lampedusa, na Mari, ambaye alifariki mwaka 2020, aliwapa ruhusa ya kuvitengeneza viti vyake na kuviuza. Baadhi ya viti walivitia vipande vya mbao za mashua zilizokwama Lampedusa. Karatasi ya Mtaliana iliwapa riziki watu ambao yeye hakuwajua alipokuwa akiichora. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu kuandikwa.

Lakini karatasi ina kwao. Mpwa wangu wa Ukunda alikuwa akitengeneza benchi la barazani kwa mchoro wa Kimarekani, akaniita. "Mjomba," akaniambia, "nimepima mara tatu, na mbao haiingii." Nikatazama. Mchoro ulisema mbao za mbili kwa nne, naye alinunua mbili kwa nne. Lakini Mmarekani akisema mbili kwa nne ana maana ya mbao iliyokwisha kupigwa randa kiwandani, ambayo ukiitia futi utaikuta ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Kwetu mbao huuzwa kama ilivyotoka kwenye msumeno, nayo hukaribia inchi mbili na nne kamili. Pengo lililochorwa kwa inchi moja na nusu litaipokeaje mbao ya inchi mbili? Mchoro haukusema uongo, na kijana hakukosa. Jina ni moja, mbao ni mbili. Tukapanua mapengo yote kwa patasi hadi magharibi, benchi likasimama.

Fauka ya hayo, mchoro wa ugenini hudhani kwamba mbao ni paini laini na hewa ni kavu. Sisi hewa yetu ni ya chumvi. Msumari wa kawaida uliopigwa Diani, karibu na ufuo, huanza kula kutu kabla mwenye kiti hajakizoea, na kutu hiyo huilegeza mbao inayouzunguka. Miti yetu nayo ina tabia zake. Mnazi mzee una mbao nzuri yenye michirizi ya kupendeza, lakini ugumu wake uko nje na katika sehemu ya chini ya shina. Kiini chake ni laini na hakibebi uzito, na tena huumaliza msumeno makali. Mvinje hupasuka ukiupigilia msumari bila ya kutoboa kwanza. Mwarobaini mchwa hawaupendi, nao umejaa viamboni mwetu kila mahali, ila usipoukausha polepole kivulini utajipinda na kufanya nyufa. Mwembe ni rahisi kuupata na rahisi kuliwa na wadudu. Mchoro gani wa simu utakwambia hayo? Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao za bara ziliadimika zikapanda bei, na hapo ndipo wengi walipokumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna mwarobaini. Wala sisemi tuingie misituni. Kaya zetu, Kinondo ikiwa mojawapo, zimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na wenyewe walikuwa wakizilinda karne nyingi kabla ya hapo. Na mikoko ya Gazi tangu 2013 inawaletea wanakijiji fedha za maji na shule kwa kusimama tu pale iliposimama. Miti ya kupandwa inatutosha.

Sasa nije kwenye kitanda.

Kitanda cha kamba kina miguu minne, ambayo jina lake ni matendegu. Mbao mbili za ubavuni, zile ndefu, ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Upande wa kichwa ni mchagoni, na nafasi iliyo chini ni uvungu, ambao kila mtu anaujua kwa sababu ya methali ya kuinama. Waulize vijana kumi wa leo maana ya tendegu na mfumbati. Mimi niliwauliza wanne, na mmoja akaniambia mfumbati ni dawa.

Uhodari wa chombo hiki ni kwamba hakihitaji msumari. Mfumbati na kitakizo hutiwa ndimi, tendegu hutobolewa tundu, ulimi ukaingia tunduni. Fundi mwerevu hazikutanishi tundu mbili katika kimo kimoja, maana tendegu litadhoofika pale pale. Kisha kitanda huwambwa kwa kamba za makumbi ya nazi au kwa ushupatu wa miyaa, kamba zikizunguka mifumbati na vitakizo na kukingamana katikati. Kamba hizo zikikazwa huzivuta mbao ndani, na kuzivuta ndani ni kuzisukuma ndimi katika tundu zake. Basi kamba ndiyo gundi. Mtu akilala, uzito wake unaukaza muungano badala ya kuulegeza. Kamba zikilegea unazivuta upya, zikichakaa unawamba nyingine, na mbao ni zile zile, mwenye kitanda ameshazeeka. Hewa inapita chini na juu, na anayejua usiku wa kaskazi ulivyo Msambweni ataelewa thamani ya hewa hiyo. Chumvi ya bahari haina chuma cha kula.

Na vipimo vyake? Vilikuwa mwilini. Shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Kitanda cha mtu mmoja cha futi 6 kwa 3 ni mikono minne kwa miwili, na fundi alikipima bila ya futi wala karatasi. Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba mtu hakisahau nyumbani. Ubaya wake ni kwamba huondoka na mwenyewe.

Iko sababu nyingine ya kunifanya niseme, nayo si ya kupendeza kuitaja asubuhi mtu anapokunywa chai. Tulikuwa tukiosha maiti zetu juu ya kitanda cha kamba, kwa sababu maji hupita, yakaingia katika kishimo kilichochimbwa chini yake, na marehemu akabaki katika sitara na heshima. Kila nyumba ilikuwa nacho. Leo katika mitaa mingi hakipo. Nyumba imejaa makochi mazito yaliyochukuliwa kwa deni la kila mwezi, na msiba ukiingia watu wanatumwa mbio huku na huko kuazima, au kungojea ubao wa msikiti uliokwenda mtaa mwingine. Na ukitaka kukiona kitanda kile, aghalabu utakikuta katika hoteli za ufuoni, kimewekwa kwenye kivuli ili mgeni ajinyoshe baada ya kuogelea. Mgeni simlaumu, amekijua kitu kizuri. Sisi tulikitoa barazani kwa kukiona ni cha kimaskini.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa upande wa Msambweni, mzee wa miaka zaidi ya sabini, mmoja wa wale ambao bado wanawamba. Nikamwomba anipe vipimo vyote, kila tundu na kila ulimi, nivichore. Akaendelea kusokota kamba juu ya paja lake kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nikikuchorea wewe, kesho nani atabisha hodi kwangu?"

Ni swali la haki, na haifai mtu mwenye mshahara kulijibu kwa haraka. Mkate wa fundi ni siri yake. Nilimjibu kwa mfano wa kazi yangu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizitoa sheria za kutunga mashairi katika kitabu mwaka 1954. Tangu mwaka huo kila mtu aweza kujua mizani ni ngapi na vina vikae wapi. Je, malenga wamekosa kazi? Mwenye kusoma sheria akajaribu kutunga ndiye anayejua malenga amefanya nini, na ndiye anayemwendea kwa adabu. Vivyo hivyo kijana atakayejaribu kulichonga tendegu kwa mchoro, likamshinda, ndiye atakayebisha hodi kwa mzee, na hatataka kupunguziwa bei.

Mzee hakukubali wala hakukataa. "Wewe ni mtu wa maneno," akasema.

Nikamkumbusha habari ambayo yeye ameisikia msikitini mara nyingi kuliko mimi. Watu walibishana juu ya mimbari ya Mtume wetu (S.A.W.), ilikuwa ya mti gani, wakamwendea Sahl bin Saad, naye akawaeleza: mti wenyewe, mahali ulipotoka, pale Ghaba, na kwamba Mtume alimpelekea habari mwanamke fulani ili kijana wake seremala aifanye kazi hiyo. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Tazama, basi. Watu waliokuwa na mambo makubwa ya kuhifadhi hawakuona haya kuhifadhi habari ya mbao. Iweje sisi tuone ni upuuzi kuandika urefu wa mfumbati?

Wakati wa kufanya hivyo ni huu, kwa sababu ya watoto. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi waliambiwa wajenge karakana, na shule nyingi zikawa na watoto wanaochonga vijiti na vibao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa na ufundi vikaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Karakana zikawa stoo za madawati mabovu. Sasa kazi za mikono zimerudi, na tangu 2023 wanafunzi wa sekondari ya chini wana somo la kuwaandaa kwa ufundi. Mwalimu atawapa mchoro gani? Atawapa alio nao. Kama alio nao ni wa kiti cha bustani ya Marekani, mtoto wa Shirazi na mtoto wa Vanga watajifunza kuketi kama watu wa huko, na kitanda cha babu yao watakiona hotelini kwa nje ya ua.

Mzee wa Msambweni hatimaye alinipa kipimo kimoja, cha tendegu: kutoka chini hadi kwenye tundu ya mfumbati, shubiri mbili kasoro wanda mbili. Shubiri yake, si yangu. Nimeilinganisha na futi na kuiandika. Vilivyobaki akasema nikavitafute. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenye kitanda cha kamba nyumbani, hata kilichovunjika, hata kilichotupwa juu ya banda la kuku, wakipime na kuuletea ukurasa huu: urefu wa mfumbati na wa kitakizo, unene wa ulimi, tundu zipi ziko juu na zipi chini, kamba zimepita mara ngapi, na mti ni upi. Wadigo na watuandikie kila kipande kwa jina lake la Chidigo. Anayejua kuchora achore, na asiyejua atwambie kwa shubiri, ila ataje shubiri ni ya nani.