Mfuko wa Dawa wa Mavyaa Wako



Leo siandiki habari za shela wala lesi. Bi harusi anapokuja dukani kwangu kupimwa tunazungumza mengi: rangi, hina, udi, vyombo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia dawa za mavyaa wake. Na mimi nilipoolewa sikuuliza. Niliuliza siku mavyaa wangu alipoanguka uani, akienda kutia udhu wa alfajiri.

Ana presha, kisukari na maumivu ya magoti. Nilipoufungua mfuko wake nilihesabu dawa aina tisa. Nyengine alipewa kliniki, nyengine spitali alikokwenda kwa ajili ya magoti, nyengine kanunua mwenyewe duka la dawa. Pakiti mbili zilikuwa na majina tofauti, lakini kwa maandishi madogo zote ni amlodipini. Dawa ile ile ya presha, anaimeza mara mbili! Hiyo dawa huweza kuvimbisha miguu, na yake ilivimba. Kwa uvimbe akapewa kidonge cha kutoa maji mwilini. Kisha kikaja kizunguzungu, naye akaenda kununua dawa ya kizunguzungu.

Simlaumu daktari mmoja. Kila mmoja alitibu alichokiona, na hakuna aliyeuona mfuko wote. Mimi nikiletewa nguo iliyokwisha kukatwa na fundi mwengine, nauliza kwanza kakata wapi. Nisipouliza, naiharibu.

Wapo watakaosema mke wa mtoto kushika dawa za mavyaa ni kujitia. Sikubali. Wazee wetu wana haya mbele ya daktari. Hawasemi kuwa wanakunywa pia shubiri, au kwamba kila usiku wanameza diklofenaki ya magoti. Na dawa hiyo ya maumivu hupandisha presha na huweza kuumiza figo, hasa kwa mtu mzima anayetumia dawa za presha. Kumwambia kwa adabu, "Mama, niruhusu nikuandikie dawa zako," ni wema, wala si utawala. Akikataa, mwambie mumeo au wifi yako azungumze naye.

Lakini dada, usijigeuze daktari. Jirani yetu alitushauri tuzitupe zote tumpe habbasoda peke yake. Hapana! Kuacha ghafla baadhi ya dawa za presha huipandisha kwa kasi. Sisi kazi yetu ni kuandika na kuuliza; kupunguza ni kazi ya daktari.

Chukua daftari. Andika jina la dawa lile la maandishi madogo, ya maradhi gani, nani kaitoa, inamezwa saa ngapi. Tia na mitishamba. Kisha beba mfuko mzima umpelekee daktari mmoja, umuulize kwa kila moja: bado anaihitaji?

Na nendeni kabla ya Ramadhani. Wazee wengi huhamisha vidonge vyote kwenye futari na daku kwa kukisia tu. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, huweza kushusha sukari vibaya tumbo likiwa tupu. Mgonjwa dini imempa ruhusa ya kutofunga. Mzee akiona haya kuitumia ruhusa hiyo, mkumbushe taratibu kuwa ni rehema ya Mola wake.

Mavyaa wangu sasa anameza dawa tano, alhamdulillah. Daftari lake liko juu ya kabati, na siku ya kliniki ananiita mwenyewe: "Mwanangu, lete kitabu chetu."

Bi harusi, ukipanga sanduku lako, tia na daftari moja tupu. Allah awape wazee wetu afya, na sisi atupe subira ya kuwatumikia. Amin.