Tuhesabu herufi, lakini tuseme pia neno lina maana gani

Wanafunzi wa Kiingereza katika kitivo chetu wanaupenda mchezo mmoja. Mtu anaandika herufi ubaoni, wengine wanatafuta neno refu kuliko yote lenye herufi hizo. Mara ya mwisho sharti lilikuwa irabu zote tano. Mmoja alileta "education", herufi 9. Wa pili akaleta "facetious", herufi 9 vilevile, ila irabu zake zimejipanga kama katika alfabeti: a, e, i, o, u. Ndipo akasimama wa tatu, akaandika neno lililokula ubao mzima: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Herufi 45. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, maana neno hilo nimelikariri tangu sekondari.

Sisemi mchezo huu ni mbaya. Anayetafuta kwa akili hapekui kamusi ukurasa kwa ukurasa. Anashika mzizi, anaupachika vipande mbele na nyuma. "Revolution" ina irabu nne. Ukiongeza "-ary" mwishoni, a iliyokosekana inaingia. Ukitanguliza "counter-", umefika herufi 20. Ukitazama "honorificabilitudinitatibus", neno la Kilatini lenye herufi 27 ambalo Shakespeare aliliweka katika tamthilia, unaona konsonanti na irabu zinapokezana moja moja kama katika maneno yetu, mpaka s ya mwisho inapokataa. Haya ni masomo ya kweli ya mofolojia na fonolojia, tena yanachekesha.

Lakini turudi kwenye neno letu la herufi 45. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa National Puzzlers' League, chama cha Wamarekani wapenda mafumbo ya maneno. Lilitungwa ili liwe refu, basi. Kamusi kubwa ya Oxford imeliingiza, lakini inaeleza kwamba ni neno la kubuni. Ugonjwa wenyewe haukubuniwa. Madaktari huuita silikosi. Miaka michache tu kabla ya neno hilo, mwaka 1930 na 1931, wafanyakazi waliotoboa handaki la Hawks Nest huko West Virginia walivuta vumbi la mwamba wenye silika. Mamia walikufa, wengi wao Wamarekani weusi.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda West Virginia. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na familia nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi zina mtu aliyekula mkate wa mgodi. Kwetu ni baba mdogo. Alitoboa mawe miaka mingi, kwanza kama mfanyakazi wa mshahara, baadaye pamoja na wachimbaji tunaowaita "creuseurs". Mwaka jana alirudi kutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa Kifaransa, hakuna aliyekuwa amemfasiria. Akanipa. "Weye njo unasomaka maneno ya Bazungu," aliniambia. "Iyi inasema nini?"

Juu ya karatasi palikuwa na neno "silicose". Nililitambua mara moja, kwa kuwa limejificha ndani ya neno langu la makofi. Ningeweza kumtajia herufi zote 45 bila kukosea. Kumweleza kifua chake kina nini, nilishindwa. Nilisema "ni ugonjwa wa mapafu", nikanyamaza. Kwamba anakohoa alikuwa anajua kabla yangu.

Usiku ule nililikata neno vipande, kazi ambayo nilipaswa kuifanya tangu sekondari. "Pneumono" ni pafu. "Ultramicroscopic" ni kitu kidogo mno, jicho halikioni. "Silico" ni silika, iliyomo katika mawe magumu. "Coni" ni vumbi, kutoka Kigiriki. "Osis" ni hali ya ugonjwa. Na "volcano"? Hakuna volkano Lubumbashi. Iliyo maarufu katika nchi yetu ni Nyiragongo, kule Goma. Volkano iliwekwa kuongeza herufi 7. Ukiitupa, kinachobaki kinasemeka: ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini la mawe. Asubuhi nilimweleza baba mdogo hivyo: vumbi limeingia ndani kabisa, limeacha makovu, makovu hayo hayafutiki, na kifua kikuu hupata njia rahisi katika mapafu kama hayo. Akauliza swali moja tu: vijana wanaotoboa sasa, wafanye nini? Nilikuwa nimesoma na hilo: kumwagia mwamba maji wakati wa kutoboa, kuingiza hewa safi, kuvaa barakoa zinazozuia vumbi.

Najua nitajibiwa kwamba idara ya Kiingereza ipo kwa ajili ya Kiingereza. Ni kweli. Lakini siku hizi simu hutafuta neno lenye herufi fulani kwa sekunde moja. Kama ustadi wetu ni kupata na kuhesabu, simu imetushinda. Kazi iliyobaki kwa mtu wa lugha ni kulipasua neno na kulirudisha kwa watu. Na Kiswahili kinaiweza kazi hiyo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Tena urefu hakiuogopi. Chukueni "tusipowaelewesha": herufi 16, irabu zote tano, nafsi, ukanushi, wakati, mtendewa na usababishaji ndani ya neno moja. Hakuna aliyelitunga ili ashinde mchezo.

Basi napendekeza sharti jipya. Atakayeleta neno refu alikate vipande mbele yetu, kisha alieleze kwa Kiswahili ambacho mama muuza mboga wa soko la Kenya atakielewa. Akishindwa, pointi zake zifutwe, hata kama neno lina herufi 45. Wahadhiri wakubali kuwa waamuzi. Nami niko tayari kuanza kwa kufutiwa pointi zangu za zamani.