Kupoza si Kutia Baridi

Shule yoyote ya Garsen au Hola itakayo kufungua chumba cha tarakilishi ina maadui wawili: joto na vumbi. Wakati wa kiangazi hewa ya bonde la Tana hupita nyuzi 30 mchana, na chini ya mabati yasiyo na dari hali huwa mbaya zaidi. Si ajabu basi kwamba wanafunzi huvutiwa na sifa za kipozaji kiitwacho themosifoni. Yafaa tuzipime sifa hizo kabla fedha za wazazi hazijatumika.

Kipozaji cha kawaida ni bamba la aluminiamu au shaba lenye mapezi mengi membamba, pamoja na feni. Joto la prosesa hupita katika metali, likafika kwenye mapezi, likapeperushwa. Ndani ya themosifoni mna kiowevu kilichofungiwa kabisa. Kiowevu hicho huchemka kwa joto la prosesa, mvuke ukapanda hadi kwenye mapezi, ukapoa, kisha matone yakateremka kwa uzito wake yenyewe. Pampu haihitajiki. Na mvuke hubeba mengi: joto linalogeuza lita moja ya maji yachemkayo kuwa mvuke lingepasha zaidi ya lita tano kutoka nyuzi 0 hadi 100.

Msomaji wa pwani atasema huo ni mtungi tu. Naam, ni jamaa yake, ila kuna tofauti kubwa. Maji yanayopenya udongo wa mtungi huvukiza yakaenda zake na joto, ndiyo sababu yaliyobaki huwa baridi kuliko hewa. Mvuke wa themosifoni hauendi popote. Sharti upozwe na hewa ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 35, hakuna hata kimoja kati ya vipozaji hivi kitakachoishusha prosesa chini ya 35. Lugha yetu ilikwisha kulitenga jambo hili: chai hupozwa, soda hutiwa barafu. Anayedhani kwamba kipozaji hutia baridi hakulisikiliza neno lenyewe.

Faida ya themosifoni huonekana kwenye prosesa kubwa, zinazotumia wati 200 na zaidi. Kampuni ya IceGiant ya Marekani ilipotoa ProSiphon Elite mwaka 2020, chombo hicho kilikuwa na feni nne na uzito wa takriban kilo mbili. Prosesa ya wati 65 katika tarakilishi ya darasani haina haja na mzigo huo. Isitoshe, kwa kuwa matone hutegemea kuteremka, kisanduku kikilazwa vibaya mzunguko hukwama. Vumbi nalo huziba mapezi ya vyote viwili bila upendeleo.

Kwa hiyo ningependa fedha hizo zinunue brashi ya kusafishia mapezi, na ute mpya wa kupakwa kati ya prosesa na bamba pale wa zamani unapokauka. Chumba nacho kiwe na madirisha yanayoelekeana, kikiwezekana kwenye kivuli cha miembe ambayo Tana haina uhaba nayo. Lakini kabla ya yote hayo, dari.